Barua ya wazi kwa wasimamizi wa UMITASHUMTA: wapeni watoto fumbo, nasi watu wazima tuweke mikono nyuma

Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI; kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; kwa Taasisi ya Elimu Tanzania; na kwa maofisa elimu wa mikoa na halmashauri zote.

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, huku chini ya milima ya Uluguru ambako masika yakikolea barabara hukatika, na mgeni wa shule ni yule aliyekubali kuvua viatu. Nafundisha hisabati na sayansi darasa la sita. Darasani kwangu wamo watoto 94. Kila mwaka ikifika Aprili naacha chaki saa tisa alasiri, nashuka kiwanjani kusaidia kuandaa timu za UMITASHUMTA, na kila mwaka kuna neno moja kwenye jina hilo linanikera moyoni. Safari hii nimeamua kuwaandikia.

UMITASHUMTA ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Michezo naiona. Naiona soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono na riadha. Nawaona watoto wenye ulemavu wakicheza michezo yao na kushangiliwa kama wenzao, jambo linalonipa faraja kubwa. Nasikia kwaya, naona ngoma. Taaluma siioni. Miaka yote niliyopeleka watoto kwenye mashindano haya, sijamwona hata mmoja akipanda gari kwenda wilayani kwa sababu yeye na wenzake wametatua jambo gumu kwa akili zao.

Ombi langu ni hili: katika ngazi zilezile za shule, kata, wilaya, mkoa na taifa, ongezeni shindano moja la timu za watoto kutatua mafumbo kwa ubunifu. Lisiwe chemsha bongo ya kuuliza mto mrefu ni upi. Wapewe kazi isiyo na jibu moja, wakae pamoja, wabuni, wajenge, wakosee, warudie, kisha waje waoneshe walichofanya.

Mashindano ya namna hii yapo duniani na yana umri mkubwa. Ninayoyafahamu vizuri ni Odyssey of the Mind ya Marekani, kwa sababu nimekaa na kanuni zake na kuzisoma usiku kwa usiku. Yalianza mwaka 1978 katika jimbo la New Jersey. Profesa mmoja, Samuel Micklus, alikuwa akifundisha usanifu katika chuo ambacho leo kinaitwa Rowan, na alikuwa na kawaida ya kuwapa wanafunzi wake kazi za ajabu ajabu: watengeneze chombo cha kuvukia maji, au gari lisilo na magurudumu. Wakubwa walifurahia, ikaonekana kwa nini watoto wa shule wakose. Mwaka ule wa kwanza zilikuja shule 28 tu, zote za jimbo hilohilo. Leo timu hutoka nchi nyingi.

Kanuni zake ni nyepesi kuelewa. Timu haizidi watoto 7. Kuna fumbo la muda mrefu, ambalo timu huishi nalo kwa miezi kisha hupewa dakika 8 jukwaani kuonesha suluhisho lake, na mara nyingi suluhisho hilo hubebwa ndani ya igizo walilotunga wenyewe. Kuna fumbo la papo kwa papo: watoto huingia chumbani bila kujua wataulizwa nini, husomewa kazi, saa huanza kuhesabu. Pengine wataambiwa wataje matumizi ya kipande cha kamba; jibu la kawaida lina alama moja, jibu ambalo halikutarajiwa lina alama zaidi. Pengine watapewa makaratasi na vijiti, waambiwe wajenge mnara bila kusema neno. Fumbo la muda mrefu lina alama 200, la papo kwa papo 100, na madoido, yaani namna timu ilivyopamba kazi yake, yana alama 50. Basi.

Kuna tuzo moja kwenye mashindano hayo ambayo nimeitafakari sana. Inaitwa kwa jina la mdudu wa majini, Ranatra fusca. Chimbuko lake ni miaka ya mwanzo kabisa, pale timu moja ilipobuni chombo cha majini kwa kumwiga mdudu huyo. Hawakuibuka washindi, lakini waamuzi waliona kwamba waliothubutu namna ile hawafai kurudi nyumbani mikono mitupu. Hadi leo tuzo hiyo hutolewa kwa ubunifu wa pekee na kwa kuthubutu, hata kama kitu chenyewe kimeanguka mbele ya watu. Mimi nimefundisha miaka mingi na sikumbuki siku niliyompa mtoto alama kwa kuthubutu.

Waheshimiwa, msije mkadhani naomba tulete kitu cha kigeni. Nani asiyejua kitendawili? Ukisema "Kitendawili!" mbele ya darasa lolote la nchi hii, utaitikiwa "Tega!" kabla hujafunga mdomo. Mtoto akishindwa anatoa mji, anayetega anautawala kidogo, kisha anatoa jibu, na kicheko kinafuata. Hilo ni fumbo la papo kwa papo, na bibi zetu walilisimamia jikoni bila karatasi ya alama. Na nje ya shule mtoto wetu ni fundi tangu anaanza kukimbia. Ana gari la waya lenye usukani unaokata kona. Ana matairi aliyoyachonga kwenye kandambili iliyokatika. Ana mpira wa chandimu alioufunga kwa mifuko na kamba hadi ukadunda. Anapima, anakata, anajaribu, anabomoa, anaanza upya, na wenzake wamemzunguka wakimpinga. Kisha kengele inagonga, anaingia darasani, na kazi yake inakuwa kusubiri jibu la mwalimu.

Sisi walimu tumefundishwa kufaragua zana za kufundishia, yaani kuzitengeneza kwa vitu tulivyo navyo. Tunafaragua kweli: mizani ya vifuniko vya soda, dunia ya makaratasi na uji wa ngano. Lakini anayefaragua ni mwalimu. Mtoto anaangalia.

Mwaka juzi nilifanya jaribio dogo. Ilikuwa siku ya Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho. Niliwaita watoto 7, sikuchagua kwa alama, nilihesabu tu kwa mistari ya madawati. Niliwapa mabua 12 ya mahindi yaliyokauka na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikatenga madawati mawili kwa hatua moja ya mtu mzima. Nikawaambia: jengeni daraja kati ya madawati haya, tutaweka madaftari juu yake moja moja mpaka livunjike. Mna dakika 20. Kisha nikakaa chini ya dirisha na kunyamaza, na kunyamaza kule, nakiri, kulikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha.

Mvulana anayeshika namba ya kwanza darasani akachukua uongozi mara moja. Akapanga mabua yote sambamba, akafunga ncha mbili. Likapokea madaftari 9, la kumi likalivunja katikati. Wakaanza kulaumiana. Zikapita kama dakika mbili za kelele. Kulikuwa na msichana mmoja pembeni, mtoto wa mfyatua matofali, anayekosa shule siku baba yake akiwa na tanuru. Kwenye jaribio la mwezi uliotangulia alikuwa amepata alama 14 kati ya 50. Aliokota bua lililovunjika, akalipitisha kidole taratibu kutoka fundo hadi fundo, akalikunja, akaangalia linapolegea. Akasema kwa sauti ndogo, "Yapishaneni." Hakuna aliyemsikia. Akarudia: "Yapishaneni. Baba akipanga tofali, kiungo hakikai juu ya kiungo."

Mvulana wa kwanza akanyamaza. Nilimwona akifikiri, na hilo lilinipa raha ya pekee, maana kwa kawaida yeye hujibu kabla ya kufikiri. Wakayakata mabua urefu tofauti, wakayapishanisha ili sehemu dhaifu ya moja iangukie kwenye fundo la jingine, wakafunga sehemu tano badala ya mbili. Msichana mwingine, anayejua kusuka nywele, ndiye aliyefunga, kwa sababu vidole vyake vinajua kukaza bila kukata. Daraja likabeba madaftari 41. Madaftari ya darasa yalikwisha mezani, ikabidi wakimbie kuazima darasa la tano.

Jumatatu yake yule mtoto wa mfyatua matofali alinyoosha mkono darasani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwangu kumwona akifanya hivyo.

Nawaombeni mtazame kilichotokea pale. Mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kusiliba herufi. Mtoto anachagua jibu ambalo mtu mzima ameshalijua. Siupingi mtihani, najua uzito wa kusahihisha kazi za watoto wengi kiasi kile nchi nzima. Lakini mtaala mpya tulioanza kuutekeleza Januari 2024, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, unatudai ubunifu, fikra tunduizi, ushirikiano na utatuzi wa matatizo. Maneno hayo yapo kwenye mihtasari tunayofundishia. Niambieni, kwenye karatasi ya kusiliba, ushirikiano unapimwa wapi? Yule msichana wa matofali tungemjua vipi?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, mkilikosa, ni heri mashindano haya yasianzishwe kabisa. Nalo ni mikono yetu watu wazima.

Niseme lililonitokea mimi. Miaka kadhaa iliyopita shule yetu ilitakiwa kupeleka kazi za ubunifu kwenye maonesho ya wilaya. Watoto wangu walitengeneza pampu ya maji kwa chupa za plastiki na mrija. Ilivuja. Ilikuwa imeinama kama mlevi. Nikaona aibu, nikafikiria mwalimu mkuu atasema nini, nikaichukua nyumbani usiku. Nikamwita fundi bomba jirani yangu. Tukaibomoa, tukaijenga upya kwa vifaa vya dukani, nikaipaka rangi. Asubuhi watoto waliikuta imesimama imara. Meza yetu ilisifiwa, tukapewa cheti, nikapigwa picha. Tukiwa tunarudi kwenye gari, mvulana mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, walipouliza inafanyaje kazi, mbona ulijibu wewe?"

Sikuwa na la kumjibu. Kile cheti bado kipo ofisini ukutani, na kila nikikipita naisikia sauti ile.

Na sikuwa peke yangu. Siku ile nilizunguka meza zote. Nyumba zilizofungwa umeme na kulehemewa kwa ustadi wa fundi aliyesomea. Mitambo ya biogesi iliyochomelewa chuma. Nyuma ya kila meza wamesimama watoto wamevaa sare zilizopigwa pasi, mikono imenyooka kama askari wa zamu, wanakariri maelezo. Ukiuliza swali moja nje ya maelezo, wanamtazama mwalimu. Tuliwafundisha watoto wale kwamba kazi yao haitoshi mpaka mkubwa aiguse. Na tuliwafundisha kwamba udanganyifu ukipakwa rangi hupewa cheti.

Ndiyo maana kanuni iliyonigusa kuliko zote katika yale mashindano ya Marekani ni ile inayokataza msaada wa nje. Kila kitu lazima kitoke kwa watoto 7 wenyewe: wazo, michoro, ukataji, ushonaji wa mavazi, hata rangi. Mzazi akishona kifungo, alama zinakatwa. Mlezi wa timu anaruhusiwa kumfundisha mtoto namna ya kushika msumeno. Anaruhusiwa kuuliza maswali. Haruhusiwi kusema "jaribuni hivi". Watoto wenyewe hutia saini fomu kueleza kama walisaidiwa na wapi. Kwa hiyo vitu vinavyokuja jukwaani vimekunjamana, gundi inaonekana, rangi imevuka mstari, na hapo ndipo mwamuzi anapojua kwamba anatazama kazi ya mtoto.

Nawasihi kanuni hiyo iwe ya kwanza kuandikwa, na iwe na meno. Mwamuzi awaulize watoto, mwalimu akiwa nje ya chumba. Awaulize: mlianza na wazo gani mkaliacha? Nani alilikataa, kwa nini? Timu iliyofanya kazi yake itasema mpaka uichoke. Timu iliyofanyiwa itakaa kimya. Swali hilo moja linatosha, halihitaji bajeti.

Kuna kisa cha nchi yetu ambacho kila mwalimu wa sayansi hapa anapaswa kukijua. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa finyu, akaona akisubiri maziwa yapoe atakosa, akayaweka yakiwa moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Darasa likaichukua kauli ile ikawa ya kumcheka. Bahati ikaja pale mhadhiri Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote, wenzake wakacheka tena, lakini mgeni yule akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la kisayansi, na dunia nzima leo huliita jambo hilo kwa jina la mtoto wetu. Wanafizikia bado wanabishana juu yake.

Kisa hiki huwa tunakisimulia kwa fahari. Mimi huwa kinaniumiza. Kilitegemea mgeni kupita njia. Kingetegemea sisi, kingeishia kwenye kicheko. Tena Mpemba alikuwa peke yake. Kwenye timu ya watoto 7 wanaojaribu, mmoja akisema "yangu yaliganda kwanza", wengine hawana faida ya kumcheka. Wana faida ya kurudi kwenye friji na kujaribu tena, kwa sababu alama ni zao wote.

Najua mtasema mambo haya yapo. Yapo, na nashukuru. Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011, imewapa wanafunzi wa sekondari jukwaa la utafiti. MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yameanza mwaka 2019, na yana kundi la shule za msingi. Lakini watoto wangu wa darasa la tano na la sita hawafikiwi na la kwanza, na la pili linamtafuta aliyekwisha kubuni kitu. Hapo mtoto mwenye mzazi mwenye karakana anatangulia mbali. Ninachoomba ni fumbo lilelile kwa timu zote, siku ileile, kwa vifaa vilevile, kama vile mpira wa miguu unavyowapa wote goli la upana uleule.

Gharama? Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Hakuna mwalimu mkuu anayeweza kuchota humo kununua roboti za watoto za kuunganisha, nami siombi roboti. Odyssey of the Mind yenyewe huweka kikomo cha gharama za vifaa kwa kila timu, ili fedha isishinde akili. Sisi tuweke chetu: shilingi 10,000 kwa timu, isizidi, na vilivyookotwa vihesabiwe bure. Mabua, mianzi, makuti, magunia, chupa, udongo, kamba za katani, vitambaa vya fundi cherehani. Kila mkoa una vyake. Fumbo lisiseme "tumieni vijiti vya aiskrimu". Liseme "tumieni kilichopo ndani ya umbali wa kutembea kutoka shuleni". Mtoto wa Kilwa atakuja na makuti, wa Njombe na mianzi, na hapo tutaona mengi.

Kata zina waamuzi kuliko mnavyodhani. Msiweke maofisa elimu peke yao. Mwiteni seremala, fundi baiskeli, mshonaji, muuguzi wa zahanati, bibi anayefinyanga vyungu. Watu hawa hutatua mafumbo kila siku na wanamjua aliyefanya kazi kwa mkono wake kwa kuangalia fundo tu. Maelekezo yote yawe kwa Kiswahili chepesi, hata kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, maana fumbo likiwa kwenye lugha basi tumepima lugha. Kila timu iwe na wasichana na wavulana, na mtoto mwenye ulemavu asiwe wa kuhesabiwa tu. Mafumbo yatungwe yawe na kazi ya kuona, ya kusikia, ya kushika na ya kusema, ili kila mmoja awe na pa kuushika mzigo.

Jambo moja naliogopa. Yakishaanza, shule zenye uwezo zitaajiri walezi wa kulipwa, zitafungua masomo ya ziada ya ubunifu, na orodha ya shule bora itabandikwa ukutani kama ya mtihani. Tukifika hapo tumepoteza. Kwa hiyo fumbo la papo kwa papo lipewe uzito mkubwa kwetu kuliko kule, pengine nusu ya alama zote, kwa sababu hilo haliwezi kununuliwa. Na msitangaze nafasi za shule zaidi ya tatu za kwanza. Zilizobaki zirudi nyumbani na maoni ya waamuzi kwa maandishi, na moja ipewe tuzo ya kuthubutu. Tuiite jina letu. Mimi ningependekeza la Mpemba, kama familia yake itaridhia.

Mnavyo vyote vinavyohitajika. Mna ngazi za mashindano kutoka shuleni hadi taifa. Mna magari yanayobeba watoto kwenda mashindanoni. Yalikwenda Mtwara mwaka 2021, yakaenda Tabora mwaka 2022. Kwenye gari lenye watoto wa netiboli, wa ngoma na wa riadha, nafasi 7 zinapatikana. Taasisi ya Elimu ina wataalamu wa kutunga mafumbo matano kwa mwaka. Na neno Taaluma limeshaandikwa kwenye bango, hamhitaji hata kubadilisha jina.

Sisi hatukukaa kusubiri. Kata yetu ina shule tano za msingi, na walimu watano tumeshakubaliana. Jumamosi moja kabla ya mashindano ya kata kuanza, kila shule italeta watoto 7 kwenye kiwanja cha shule yetu. Fumbo la mwaka huu ni kuhamisha lita 10 za maji kutoka ndoo moja hadi nyingine, umbali wa mita 15, bila mtu kubeba ndoo na bila mtu kushika maji, na hadithi ya kwa nini maji yanahama itungwe na watoto wenyewe. Mwamuzi mmoja ni fundi baiskeli wa pale sokoni. Mwingine ni mama anayeuza vyungu. Walimu tutakaa upande wa pili wa kiwanja, chini ya mwembe, nyuma ya kamba.

Tunaomba halmashauri itutumie ofisa mmoja aje aone. Posho hatuna, chakula cha mchana kipo: wali na maharage, na mboga ya majani kutoka bustani ya shule. Aje na saa ya kuhesabia dakika, kwa sababu ya kwetu imekufa betri. Na akifika akute watoto wamekwama, ndoo imeinama na maji yanamwagika, tunamwomba akae nasi chini ya mwembe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la sita,
Morogoro